Acheni Mzuka Upande

Kalamu nyekundu ikikutana na neno "mzuka" haina huruma. Nimeiona ikilikata katika insha za wanafunzi, katika miswada ya magazeti, na juzijuzi katika barua ya maombi ya kazi ya kijana mmoja wa hapa Chumbageni, Tanga. Kijana aliandika kwamba kazi ya kupokea wageni hotelini ataifanya kwa mzuka. Mjomba wake, mwalimu mstaafu aliyeombwa aipitie barua, akalipiga mstari neno lile, juu yake akaandika "hamasa", na pembeni akamalizia kwa herufi kubwa: LUGHA YA KIHUNI.

Mjomba si mtu wa kubezwa. Anayoyasema husemwa na walimu wengi, wahariri wengi, masheikh na wachungaji kadhaa, na karibu kila mzazi aliyewahi kumwuliza mwanawe habari za shule akajibiwa "mzuka!" Maoni yao ukiyakusanya ni haya: mzuka ni neno la vijiweni; maana yake halisi ni pepo, kwa hiyo kulitaja kwa furaha ni kuchezea visivyochezewa; na isitoshe hatulihitaji, maana Kiswahili fasaha kina hamasa, shauku, hamu na msisimko. Wapo na wa kundi la nne, wa mjini zaidi, ambao hawana ugomvi wa dini wala wa adabu. Hao husema tu kwamba hali wanayoiita Waingereza "excited" Mswahili hana neno lake, basi tuseme "niko eksaitedi" tuendelee na safari.

Nawapinga wote wanne. Mzuka, kwa maana ya ile raghba inayomwingia mtu ghafla akawa hakaliki, iwe ya kufanya jambo au ya kulingoja, ni neno halali. Lina kazi ambayo neno jingine halijaiweza, na mahali pake ni kamusini na katika insha ya mtoto wa shule.

Nianze na uhuni, maana hoja yake ni nyepesi. Lugha haikaguliwi kwa kuulizwa mama yake mzazi alikuwa nani. "Daladala" lilitoka midomoni mwa makondakta wa Dar es Salaam waliodai nauli ya shilingi tano, sarafu ambayo mtaani iliitwa dala. Leo limo katika kamusi na katika hotuba za mawaziri. "Chakachua" lilikuwa neno la watu wanaochanganya mafuta ya taa na dizeli. Ulipofika uchaguzi wa 2010 likapanda majukwaani, likatulia, na sasa hata mwenye shahada tatu akitaka kusema matokeo yameharibiwa kwa makusudi haoni neno jingine lenye ladha ile. Hapa kwetu "mgosi" lilikuwa la Wasambaa wa milimani kabla mashabiki wa timu ya soka ya Coastal Union hawajajiita Wagosi wa Kaya, na kabla Mkoloni na Dr. John hawajalichukua jina hilo hilo kwenye muziki mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo mtu akikuita mgosi Barabara ya Kumi na Mbili hujikuni kichwa.

Hata hao Waingereza na Wamarekani, ambao tunawadhania wameinunua lugha yao dukani ikiwa imepigwa pasi, wana neno "stoked", wanalolitumia pale pale vijana wetu wanaposema wana mzuka. Asili yake ni mtu wa koleo, anayelisha makaa tanuri la injini. Kazi iliyojulikana sana Tanga tangu reli ilipoanza kujengwa hapa 1893. Waliolitoa kwenye tanuri wakalitia kifuani ni vijana wa California waliokuwa wakishinda baharini wakipanda mawimbi, katika miaka ya 1950, na hao wazazi wao hawakuwaona wasomi. Kamusi zao zimelipokea. Sisi kitenzi chetu cha kazi ile ile ni kuchochea, nacho kikaenda njia nyingine kabisa: ukichochea watu hupongezwi, unachukuliwa kituoni, na kituo chenyewe kipo hapa hapa Chumbageni.

Hoja ya dini ni nzito zaidi, na wanaoisema ninawaheshimu. Ni kweli kwamba mzuka, kwa asili, ni kiumbe. Ni kitu kizukacho: hakipo, mara kipo, na wewe uko peke yako chini ya mbuyu. Watoto wa pwani tumelelewa na mizuka. Ukipita njia ya mapango ya Amboni jua likizama, bado wapo watakaokwambia usigeuke nyuma. Kwa hiyo mzee anayeshtuka kusikia mjukuu wake anashangilia kwamba "mzuka umepanda" hajashtuka bure.

Lakini tuangalie walichokichukua vijana, na walichokiacha. Aliyewahi kukaa kwenye ngoma ya kupunga pepo katika mwambao huu anaujua mpango wake. Mgonjwa anakalishwa, anafunikwa shuka, anafukizwa ubani. Ngoma zinaanza. Fundi haimbi wimbo mmoja usiku kucha. Anazipitisha nyimbo moja baada ya nyingine huku jicho lake liko mabegani mwa mgonjwa. Zinapita tano, mgonjwa katulia kana kwamba hasikii. Ikiingia ya sita, bega la kushoto linacheza, kichwa kinafuata, na mtu ambaye asubuhi alishindwa kunyanyua ndoo ya maji anasimama na kucheza hadi alfajiri. Wenyewe husema kapanda. Akiwa ruhani atataka udi na marashi. Akiwa kibuki, anayesemwa ametoka Bukini, atataka kileo. Mgonjwa wakati huo ni kiti tu. Na kila pepo ana ngoma yake: ukimpigia isiyo yake hapandi, hata ukeshe.

Mie sikuulizi kama unaamini. Nakuuliza kama umeona jinsi vijana walivyouchukua mpango ule wote, wakamwacha pepo mwenyewe mlangoni. Mzuka kwao unapanda, unapandishwa, unashuka, unakatwa. Hauji kwa kuamrishwa. Unataka kitu chake maalumu kiupandishe. Kinachompandisha Asha hakimpandishi Juma. Hata wimbo mpya wa redioni wanauita ngoma, na ikipigwa ile yenyewe utaona mabega. Ni hisia nzima ya binadamu imeelezwa kwa mafumbo yaliyokuwa yamelala katika utamaduni wetu, na walioyaamsha hawakuhitaji semina.

Sarufi nayo imekwisha kutoa hukumu. Sikiliza hadithi za bibi: mzuka wa hadithini alitokea, alimfuata, akamwita kwa jina. Wasimulizi wengi humpa uhai, kama mtu. Sasa sikiliza kijiweni: mzuka umepanda, mzuka umeisha, mzuka wangu umeuharibu. Sijasikia hata kijana mmoja aseme "mzuka amepanda" akimaanisha furaha yake. Msemaji asiyejua ngeli ni kitu gani amekwisha kutenganisha kiumbe na hisia, tena kwa ukali kuliko mhubiri. Anayemwambia kwamba anaita mashetani anamsikiliza kwa masikio ya karne nyingine.

Na kama neno likiwa na pepo ndani yake linatiwa najisi milele, basi hao wanaopendekeza tutumie maneno ya Kizungu wajiandae. Neno la Kiingereza "enthusiasm", lililo safi kiasi cha kuandikwa kwenye vyeti vya wahitimu, Wagiriki walilijenga juu ya neno lao la mungu: ni hali ya mtu aliyeingiwa na mungu ndani, akawa anasema na kucheza yasiyo yake. Ni kupanda, kwa maana ile ile ya kilingeni. Waingereza walipolichukua hawakulipokea kwa mikono miwili. Karne ya 17 na ya 18 lilikuwa tusi. Mwanafalsafa John Locke aliongeza katika toleo la 1700 la kitabu chake kikuu sura nzima ya kuwasuta watu wa aina hiyo, wanaojiona wamefunuliwa mambo na Mungu bila ya hoja wala ushahidi. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, alilieleza kuwa ni imani ya bure ya mtu kudhani amepewa wahyi wa peke yake. John Wesley na wafuasi wake wa Kimethodisti walipigwa nalo kama jiwe. Yaani Waingereza walikuwa na mjomba wao na kalamu yake nyekundu, wakabishana, na leo meneja wa benki anamsifu karani wake kwa neno lile lile bila mtu kuuliza ni mungu gani aliyemwingia.

Tena tusijifanye wageni wa jambo hili upande wa Kiarabu. "Jazba" ambalo magazeti yetu hulitumia kwa mtu aliyepandwa na hasira mkutanoni, limetoka kwenye neno la watu wa tarika, la mja kuvutwa na Mola wake hadi akatoka katika nafsi yake. Kutoka zikirini hadi kwenye kikao cha chama kilichovunjika: safari ndefu kuliko ya mzuka, na hakuna sheikh niliyemsikia akitoa fatwa juu yake.

Nije sasa kwenye hoja ambayo mjomba anaitegemea kuliko zote: kwamba maneno tunayo. Tunayo, ndiyo. Tatizo ni kwamba kila moja lina shughuli yake.

Hamasa kwanza, kwa sababu ndilo linalopachikwa kila mahali. Ni neno la Kiarabu lenye ushujaa ndani yake. Abu Tammam, mshairi wa karne ya 9, alipokusanya diwani maarufu iitwayo jina hilo alianza na mashairi ya vitani. Limefika kwetu likapewa ajira serikalini. Angalia linavyotumika: wananchi wanahamasishwa kuchimba vyoo, kuchanja watoto, kujiandikisha kupiga kura, kupanda miti. Kuna kamati za hamasa, ngoma za hamasa, fulana za hamasa. Kitenzi chenyewe kimekaa mkao wa kutendeshwa: yuko anayehamasisha na yuko anayehamasishwa, na baina yao mara nyingi yuko wa tatu anayesaini karatasi ya posho. Hamasa ina bajeti. Sisemi ni kitu kibaya. Vyoo lazima vichimbwe. Lakini kijana wa Chumbageni hakuandika kwamba atapokea wageni kwa sababu kuna mtu kamhamasisha. Aliandika kwamba akiona mgeni anashuka kwenye gari yeye mwenyewe hukaa mkao wa kazi. Mjomba alibadilisha maana ya barua akidhani anabadilisha nguo yake tu.

Mwenye shaka na tofauti hii namrudisha Julai 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha, Coastal Union na Yanga. Tanga ilikuwa imeonja machungu mengi kabla ya siku ile. Mwaka 2016 timu zetu tatu, Coastal, African Sports na Mgambo, zilishuka daraja kwa mpigo, mji ukabaki na uwanja wa Mkwakwani na kumbukumbu za ubingwa wa 1988. Coastal ikarudi 2018. Basi kuelekea fainali hamasa ilikuwepo ya kutosha: magari ya matangazo, michango, maneno ya viongozi. Watu wakasikia, wakaendelea kukaanga mihogo. Ilipoanza mechi, na Abdul Suleiman, yule wanayemwita Sopu, akaanza kufunga, kukatokea kitu kingine. Alifunga mabao yote matatu ya Coastal siku hiyo, dhidi ya timu ambayo msimu ule ilikuwa haishikiki. Katika vibandaumiza vya mjini watu wazima waliokuwa wameegemea baiskeli nje, wakijifanya wapita njia, walijikuta ndani, wamesimama juu ya mabenchi, wamekumbatiana na watu wasiowajua. Hakuna aliyewahamasisha. Ikaisha tatu kwa tatu, tukafungwa kwa penalti, na kile kitu kikashuka ghafla kama kilivyopanda; ukasikia viti vikiburutwa. Kiite hamasa kitu kile uone kama aliyekuwepo atakuelewa. Kiite shauku. Kila mtu siku ile alikiita mzuka, pamoja na wazee wenye barakashia.

Shauku na hamu ni maneno mazuri sana, na sitaki yaguswe. Ila ni maneno ya upweke. Shauku hukaa kwenye barua: mtu yuko Muscat, mke yuko Pangani. Ni ya kitu kilicho mbali, na mara nyingi haina haraka. Mtu huweza kuishi nayo miaka. Hamu nayo huelekea kwenye kitu kimoja: pweza, mtoto mchanga wa dada, sauti ya Shakila, mwimbaji wa taarabu, enzi za Black Star. Na hamu ina huzuni iliyojificha, kwa kuwa kwa Kiarabu asili yake ni dhiki ya moyo. Mzuka hauhitaji umbali. Huja kitu kikiwa mbele ya macho, au kimebakiza hatua mbili kifike. Na huambukiza: shauku yangu haikuhusu, lakini mzuka wangu ukikaa nami benchi moja utakupata.

Juu ya msisimko nitasema kidogo, maana linajikosoa lenyewe. Ni neno la ngozi. Mtu husisimka kwa maji ya baridi, kwa hofu akipita makaburini, kwa kuguswa asikotarajia. Filamu husisimua, sawa. Lakini siku hizi nasoma matangazo ya kampuni yaliyoandikwa "tumesisimka kuwatangazia huduma yetu mpya", na kila nikiyasoma naona bodi nzima ya wakurugenzi imesimama nywele. Mfasiri angelisikia sikio lake mwenyewe angeandika "tunayo furaha kuwatangazia", kama zinavyoandika kadi za harusi tangu zamani, akaenda kulala.

Kuna kikapu kingine cha maneno ambacho mjomba hakukitaja, na nadhani nakijua kisa chake: kiherehere, kimuhemuhe, mchecheto. Haya ni maneno yetu wenyewe, hayakutoka ng'ambo, nayo yanaeleza vizuri kuliko yote mtu asiyetulia kwa jambo linalokuja. Lakini yote yanasuta. Msichana akichungulia dirishani mara tatu kuona kama wageni wa posa wamefika, ana kiherehere. Mtoto akivaa nguo za Idi tangu usiku wa manane, ana kimuhemuhe. Kijana akitetemeka kabla ya usaili, ana mchecheto. Wako wanaochukua ushahidi huu wakasema: mnaona, utamaduni wa pwani unapenda utulivu, mtu wa Tanga haonyeshi, ndiyo maana lugha ina maneno ya kukemea tu. Hoja hii imezoeleka hadi imekuwa kama hali ya hewa; watu wa bara wanatutania nayo, nasi tunaipokea kwa tabasamu.

Ni hoja ya uvivu. Utamaduni usiopenda watu waonyeshe haungezaa taarabu ya Tanga. Black Star na Lucky Star hawakuwapigia watu waliokunja mikono. Mwanamke aliinuka kitini, akaja taratibu kwa mwendo wa kucheza, noti juu, akamtunza mwimbaji mbele ya ukumbi mzima, tena akimtazama yule aliyekusudiwa na ubeti. Hayo ni maonyesho. Haya maneno ya kusuta yana kazi nyingine: yanamkosoa mtu aliyewahi, aliyetangulia mbele ya wakati wake. Hayasemi usifurahi, yanasema ngoja ngoma yako. Na kwa muda mrefu lugha ilikuwa na neno la aliyewahi, bila kuwa na neno moja la aliyepanda kwa wakati wake. Pengo lilikuwepo. Mzuka umeliziba.

Mtazame fundi cherehani usiku wa kuamkia Idi. Mtaani kwetu yuko mmoja, kibaraza chake hakina hata upana wa kitanda. Mchana kutwa wateja wamemsimamia, kanzu ya huyu haina kola, gauni la yule halijapigwa pindo, na yeye kanuna kimya, anashona kama anayelipa deni. Baada ya Isha redio ikatangaza mwezi umeandama. Akanyanyuka, akanyoosha mgongo, akamwagia mafuta mashine, akafungulia kaswida, akasema bila kumwangalia mtu: "Haya, mzuka umeingia, leteni." Kuanzia hapo mguu haukuondoka kwenye pedali. Mikono ilikuwa ile ile, na kazi ilikuwa imebaki nyingi kuliko mchana, lakini sindano ilikuwa inaimba. Vitambaa vikawa vinapokewa mkono mmoja na kutoka mkono wa pili. Mtoto mmoja aliyekuja kufuata suruali akakaa kumtazama tu, akasahau kuondoka. Ungemwuliza fundi yule ana nini usiku huo, asingekuambia ana hamasa, wala shauku, na kiherehere alikuwa nacho mteja. Na angekosa mzuka, angekuambia pia, kama wanavyosema mafundi wote, waashi, wapishi wa shughuli na waandishi wa makala: "Leo sina mzuka." Neno linalomwezesha mtu kueleza kwa nini mikono imekuwa mizito bila kusingizia ugonjwa si neno la kutupwa.

Ndugu zangu wa "eksaitedi" wanabaki. Kwao nina swali moja: mnalikopa ili liwafanyie kazi gani? Neno hilo kwa wenyewe halikuanza likiwa la furaha. Madaktari wao walilitumia kwa mgonjwa aliyechachamaa, wa kushikwa na watu wanne. Hata sasa linabeba kila kitu: kuogopa kidogo, kufurahi, kungoja, kupiga kelele, na kutangaza punguzo la bei. Mswahili anayesema "niko eksaitedi kukuona" hajasema kama ana hamu, ana mchecheto, au ana mzuka. Amesema tu kwamba amesoma. Mkopo wa neno ni halali pale ghala likiwa tupu, na sisi tumekopa vya kutosha kwa Waarabu, Wahindi, Wareno na Wajerumani, wala hatujajuta. Kukopa unga na gunia lipo uvunguni ni jambo jingine.

Yapo mahali ambapo mzuka haufai, na hilo wala halihitaji mjadala. Hakimu hataandika kwamba mshitakiwa alitenda kosa kwa mzuka. Kwenye khitma hausemwi. Lakini na "hamu" haiandikwi hukumuni, na hakuna aliyependekeza ifutwe. Kila neno lina nyumba za kuingia na nyumba za kubisha hodi. Mwalimu mzuri humfundisha mtoto kubisha hodi, hamkati mguu.

Kama mjomba anatafuta adui wa kweli wa neno hili, aache vijiwe, atazame mabango. Kampuni za kubahatisha matokeo ya mpira na za simu zimeligundua. Mzuka sasa unauzwa kwa vocha, mzuka unakuja na bonasi, mzuka unaisha saa sita usiku vigezo na masharti kuzingatiwa. Huko ndiko neno linakoweza kufa, kwa namna "hamasa" ilivyokaribia kufa: kwa kugawiwa bure kwa watu ambao hakuna ngoma iliyowapigia. Mwalimu akiliingiza darasani, likaandikwa katika insha kwa maana yake kamili, litapata watu wa kulitetea. Akiliacha nje ya lango, atakayelifundisha ni bango.

Ninachoomba kwa watunga kamusi ni kidogo. Kamusi zetu, kuanzia ile ya Kiswahili Sanifu ya 1981 hadi Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015, zimezoea kutoa maana mbili na tatu chini ya neno moja bila kuona haya. Basi chini ya mzuka, ile ya kiumbe kizukacho ibaki ya kwanza, kwa heshima ya umri. Ya pili iwe ya hisia: raghba ya ghafla inayompanda mtu au kundi la watu kwa sababu ya jambo linalotokea au linalokaribia kutokea, ikampa nguvu ya kulitenda au kulishangilia. Ngeli ni u-/i-. Vitenzi vyake ni panda, pandisha, ingia, shuka, kata. Na mfano wa matumizi wasihangaike kuutunga, upo tayari katika barua iliyokwenda hotelini ikiwa na neno lisilokuwa lake.